Wagonjwa Waliozaliwa Januari Mosi

Ukifungua orodha ya wagonjwa kwenye mfumo wa hospitali yetu na kuipanga kwa tarehe za kuzaliwa, utadhani huku Kanda ya Ziwa watu huzaliwa siku moja tu kwa mwaka. Januari mosi, Januari mosi, Januari mosi, kurasa kwa kurasa. Hakuna maajabu hapo. Mgonjwa anafika dirishani, anaulizwa umri, anajibu, "Wewe andika arobaini tu." Kitabu cha zamani kilikuwa na safu ya umri; ukishaandika 40 umemaliza. Mfumo hautaki kusikia habari za arobaini. Unataka siku, mwezi na mwaka, la sivyo kitufe cha kuhifadhi hakikubali. Foleni imefika hadi chini ya mwembe, mtoto wa mtu analia, karani anapiga hesabu ya chapuchapu kichwani, anaweka 01/01 na mwaka unaoelekea kufaa, kisha anaita, "Anayefuata!" Tuliomba tuwekewe mahali pa kuandika kwamba umri ni wa kukadiria. Tukaambiwa ombi limepokelewa.

Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya katika hospitali ya wilaya. Nimefanya kazi hii enzi za rafu na mafaili, na ninaifanya sasa enzi za seva. Jamaa wakinikuta msibani au harusini swali lao ni lile lile: hivi kompyuta si zitakunyang'anya ugali? Naelewa wanakotoka, maana wametuzoea kama watu wa kuleta faili. Ingekuwa kazi yetu ni kuleta faili, ningekuwa nimesharudi kulima. Zamani daktari akinipigia simu aliuliza faili liko wapi. Siku hizi faili analo mbele yake ndani ya sekunde mbili, na swali analonipigia ni gumu zaidi: haya yaliyoandikwa humu ni ya huyu mama niliyenaye hapa?

Niseme kidogo kuhusu rafu, kwa ajili ya vijana ambao hawakuzikuta. Chuoni tulifundishwa kupanga mafaili kwa tarakimu za mwisho za namba ya mgonjwa. Namba inayoishia na 56 inakaa eneo la 56, ndani yake unatafuta tarakimu mbili za kati, halafu za mwanzo. Kwa mpango huo mafaili mapya yanasambaa chumba kizima badala ya kurundikana kona moja, na makarani kadhaa wanatafuta bila kukanyagana. Faili likitoka unaacha kipande cha karatasi ngumu mahali pake, kimeandikwa limekwenda kwa nani na lini. Hiyo ndiyo nadharia. Kwa vitendo faili lilikuwa kwenye droo ya daktari aliyekwenda likizo, au kwa mhasibu, au chini ya godoro wodi ya wanaume, ambako mwenyewe amelificha ili lisipotee akaambiwa aanze upya. Lisipopatikana, anafunguliwa jipya. Kuna wazee waliokuwa na mafaili manne, kila moja likijua robo ya ugonjwa wao.

Halafu mwisho wa mwezi. MTUHA, mfumo wa serikali wa kukusanya takwimu za vituo vya afya, tunayo tangu miaka ya 1990, na yeyote aliyefanya kazi kituo cha serikali anavitaja vitabu vyake kwa namba bila kufikiri: namba 5 wagonjwa wa nje, namba 6 wajawazito, namba 7 watoto, namba 12 wodi ya wazazi. Tulikaa na karatasi za kuhesabia, vijiti vinne na cha tano kinavikata, walio chini ya miaka mitano huku, waliozidi kule, wanaume, wanawake. Jumla ya kulia isipolingana na jumla ya chini, unaanza upya. Ripoti ikikamilika inapelekwa halmashauri kuingizwa kwenye DHIS2, programu iliyochipuka Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ikalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo leo inabeba takwimu za afya za nchi nyingi, sisi na majirani zetu Kenya tukiwemo. Ile chati yenye rangi anayoionyesha mkubwa ukumbini ilianzia kwenye vijiti vya watu waliokuwa wanasinzia.

Mfumo wa kielektroniki ulipokuja, uliingilia mlango wa keshia. Sisemi kwa kejeli, ndivyo ilivyokuwa katika hospitali nyingi za umma. Mapato yalikuwa yanavuja, risiti za mkono zinaandikwa hivi na kusomwa vile, na ahadi kubwa ya mfumo ilikuwa kuziba mianya. Mgonjwa anasajiliwa, bili inajitengeneza, namba ya malipo inatoka, pesa inaingia serikalini. Ilifanya kazi, na dawa zilizonunuliwa kwa mapato hayo tuliziona kwa macho. Lakini programu huchukua tabia ya aliyeiagiza. Kwetu skrini ya malipo ilikuwa na kila kitu tangu siku ya kwanza, wakati historia ya mgonjwa ilipewa kisanduku kimoja cheupe ambamo daktari mwenye haraka anaandika "anaendelea vizuri" na kubonyeza kuhifadhi.

Sasa majina. Hapa ndipo muda wangu mwingi unapoishia, na sijawahi kukutana na mtengeneza programu aliyetuuliza habari zake kabla hajaanza kazi. Huku kwetu Rehema anaweza kulitamka jina lake Lehema, na karani aliyehamishwa kutoka Tanga ataliandika kama alivyolisikia. Akina Mabula Masanja wanatosha kujaza basi na wengine wakabaki stendi. Mwanamke amesajiliwa kwa jina la baba yake alipokuwa shule, kwa jina la mume alipokuwa kliniki ya wajawazito, na akija na mtoto anajitambulisha kama Mama Neema na haoni kwa nini umhoji zaidi. Mvuvi ana jina la kambini huko Ukerewe na jina la nyumbani Musoma, na kama amekuja kuchukua dawa zake CTC, kliniki ya wenye VVU, hataki kabisa majina hayo yakutane. Ukimuuliza sana, mara ya pili haji, na mtu kuacha dawa ni hasara kubwa kuliko takwimu zangu kuchafuka. Namba ya simu? Moja inatumiwa na ukoo mzima, nyingine ni ya mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu ndiye mwenye umeme wa kuchajia. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ingetufaa, tarakimu 20 na nane za mwanzo ndiyo tarehe ya kuzaliwa yenyewe. Lakini mtoto hana, na mtu aliyeletwa hajitambui juu ya bodaboda hawezi kukutajia.

Kwa hiyo kila wiki nakaa na orodha ya watu wanaofanana na kuamua nani ni nani. Mtu mmoja kuwa na mafaili mawili ni usumbufu, lakini hakuumizi sana: daktari anakosa nusu ya habari, anauliza, anajibiwa. Watu wawili kuwekwa kwenye faili moja ndiyo balaa. Kuunganisha ni kubonyeza mara moja. Kutenganisha ni kazi ya siku kadhaa, kusoma hudhurio moja moja na kujiuliza hii presha ni ya nani, huu ujauzito ni wa nani. Kitengo chetu kimejiwekea utaratibu wake, hauko kwenye mwongozo wowote: majina kufanana hakuhesabiki. Lazima kitongoji kilingane, ndugu wa karibu alingane, mwaka wa kuzaliwa usipishane kwa kiasi cha kuchekesha, na watu wawili wakubaliane kabla kitufe hakijabonyezwa. Tukiwa na shaka tunaacha mafaili yote mawili na kuandika dokezo.

Kuna bibi mmoja alikuja dirishani na kadi ya bima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Nikaangalia skrini, nikamwangalia yeye. "Bibi, kadi hii inasema una miaka thelathini na moja."

Hakutetereka hata kidogo. "Ni ya mjukuu wangu. Kwani si damu moja?"

Foleni nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Kuazimana kadi ni kosa, kila mtu analijua, na kila mtu ana shangazi aliyewahi kufanya hivyo. Enzi za karatasi lilikuwa jambo la pesa, kati ya hospitali na mfuko wa bima, likishajulikana dai linakatwa na maisha yanaendelea. Kwenye mfumo lina mkia mrefu. Presha ya bibi ingeandikwa kwenye faili la mjukuu, na sukari yake, na dawa zake, na kundi la damu lililopimwa kwenye mkono wa bibi. Miaka miwili mbele mjukuu analetwa usiku na uchungu wa kujifungua, hawezi kusema, mkunga anafungua faili na kukutana na mgonjwa wa kisukari ambaye hayupo. Maabara yetu hupima upya kila mara kabla ya kumwongezea mtu damu, na Mungu azidi kuwapa moyo huo.

Nilimfungulia bibi faili lake mwenyewe. Alikuwa amevuka sitini miaka mingi, na wazee wasio na uwezo wana msamaha wa kuchangia. Hakuhitaji kadi ya mtu. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Tukitoka kwenye majina tunaingia kwenye magonjwa, na hapa niwe mkweli, mfumo umetupa macho ambayo hatukuwa nayo. Zamani jibu la maabara lilikaa kitabu cha maabara, ugonjwa ulikaa namba 5, dawa ilikaa kwenye leja ya dirisha la dawa. Hakuna binadamu ambaye angelinganisha vitabu vitatu mstari kwa mstari. Siku moja nikauomba mfumo unipe wagonjwa waliopimwa malaria kwa kipimo cha haraka, jibu likatoka hasi, na bado wakaondoka na dawa mseto. Orodha ilikuwa ndefu kuliko nilivyotegemea. Niliichapa bila majina ya wagonjwa wala ya matabibu nikaipeleka kwa mganga mfawidhi, naye akaileta kikao cha asubuhi. Tabibu mmoja alikasirika waziwazi: "Siku hizi masijala ndiyo inatufundisha dawa?" Nilimwelewa. Mtu ana wagonjwa sitini mlangoni, mama amebeba mtoto wa moto na anataka dawa ya malaria, na kipimo kinasema hapana. Lakini miezi iliyofuata orodha ilipungua, na yule tabibu siku hizi ndiye anayeniuliza imefikia wapi.

Macho hayo hayo yanaweza kudanganywa. Daktari akiandika herufi tatu za ugonjwa, mfumo unamletea orodha, na mtu aliyechoka huchagua mstari wa kwanza. Ndivyo B54, namba ya malaria isiyobainishwa, inavyojaa kwenye ripoti zetu, wakati maabara imeshabainisha kila kitu na jibu liko kubonyeza mara mbili tu kutoka hapo. Chuoni wanafunzi wa sasa wanasoma ICD-11, toleo la kumi na moja la orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022. Sisi huku bado tunabembelezana na ya kumi.

Kibaya zaidi ni bima. Mfuko ukiona dawa isiyoendana na ugonjwa ulioandikwa, dai linakatwa, na hospitali inabaki na deni la dawa iliyokwisha kumezwa. Basi mtu wa madai anapita vyumbani mwisho wa mwezi: "Daktari, huyu ulimwandikia omeprazole, kwenye faili hana vidonda vya tumbo. Niongezee vidonda vya tumbo." Na daktari anaongeza. Mara nyingine ni haki, alisahau kuandika. Mara nyingine mgonjwa hana kidonda chochote. Anayekuja baadaye kusoma takwimu za wilaya atakuta mlipuko wa vidonda vya tumbo na ataandika mapendekezo ya mradi. Enzi za vijiti tulikosea kwa usingizi. Sasa tunakosea kwa sababu mtu analipwa, na kosa la namna hiyo halijisahihishi lenyewe. Mtunza kumbukumbu anayekubali kila kinachomlainishia dai atakuwa anafanya kazi ya mhasibu kwa mshahara wa karani.

Nikisoma habari za mifumo ya mwanzo katika ukanda huu, huwa narudi Mosoriot, kituo cha afya cha vijijini karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001 watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, waliweka pale mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, moja ya mbegu za OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuenea nchi nyingi. Walipima muda kabla na baada. Hudhurio la mgonjwa lilifupika kwa asilimia 22, na kusubiri kulipungua kwa asilimia 38. Takwimu hizo ndizo zinazopendwa kwenye mawasilisho. Ziko nyingine katika matokeo hayo hayo: muda wa mgonjwa na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58, na wafanyakazi walizungumza wao kwa wao theluthi moja tu ya muda waliokuwa wakizungumza zamani, huku muda wa shughuli zao binafsi ukiongezeka.

Hiyo theluthi ndiyo inayonigusa. Faili la karatasi lilitembea, na aliyelibeba alisema kitu. Muuguzi alikuja dirishani akatuambia, "Jamani, huyu mama mliyeniletea faili lake siye, yule mwingine ana kovu hapa." Mfamasia alipita kuuliza mwandiko. Tuliona ni kero, kumbe ulikuwa uhakiki wa bure. Sasa kila mtu yuko chumbani kwake anaangalia skrini yake, kosa linapita vyumba vitano bila mtu kufungua mdomo. Tumejaribu kurudisha kidogo cha mazungumzo hayo: asubuhi mtu mmoja wa kitengo chetu anapita wodini akiwa na orodha ya waliolazwa, anauliza majina kitandani. Wengine wanaona ni kupoteza muda wakati "kila kitu kimo kwenye mfumo". Wodi ya wazazi ndiyo wanaomngoja kwa hamu.

Umeme na mtandao sitavisema sana, kila mtu anavijua. Nitaje jambo moja tu ambalo wasomaji wa takwimu hulikosa. Mfumo ukigoma asubuhi tunarudi kwenye fomu za karatasi, na ukirudi jioni makarani wanaingiza wagonjwa wa siku nzima. Mfumo unaandika saa ya kuingiza. Kwa hiyo ukichora chati ya saa za kazi, hospitali yetu inaonekana kupokea watu kwa wingi saa mbili usiku, na mtaalamu mmoja aliwahi kupendekeza kwa nia njema kabisa tuongeze zamu ya usiku.

Kuhusu siri za wagonjwa, nilitegemea mambo yawe mabaya zaidi na hayakuwa. Faili la karatasi lilikaa juu ya benchi, mgonjwa mwenyewe alilibeba, na shemeji yake anayefanya usafi angeweza kulisoma asiache alama yoyote. Mfumo unaacha alama: nani alifungua, lini, kutoka kompyuta ipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, na imetupa nguvu ya kusema hapana kwa watu ambao zamani tuliwaambia ndiyo kwa woga. Tatizo ni nywila. Imeandikwa kwenye plasta, imebandikwa pembeni ya skrini, chumba kizima kinaitumia. Nimewahi kumpigia daktari simu nikamuuliza, "Samahani mkuu, wiki iliyopita ulikuwa semina Dodoma au ulikuwa chumba namba nne?" Maana kwa mujibu wa mfumo alikuwa ameona wagonjwa kila siku. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaomba abadilishiwe nywila siku ile ile. Alama isiyo ya mtu halisi ni hatari kuliko kukosa alama, kwa sababu siku jambo likienda mahakamani jina lililopo kwenye rekodi ni lake.

Yote haya, majina, umri, kadi za kuazima, yanaanzia sehemu moja: dirishani, katika dakika moja na nusu ya kwanza. Ukitazama tunamweka nani pale, ni kijana wa kujitolea mwenye posho ya nauli, aliyefundishwa nusu siku, ambaye akipata ajira ya uhakika ataondoka bila kuaga. Mwenye shahada anakaa chumba cha seva chenye kiyoyozi akisahihisha makosa ambayo yule kijana angeyazuia kwa swali moja. Tuna mzee mmoja kwenye kitengo, alianza kazi akiwa mhudumu, kompyuta anaitumia kwa vidole viwili, lakini anajua koo za vijiji vyote hadi ziwani, na anajua Rehema yupi ni binti wa nani. Mfumo ulipokuja walitaka kumhamishia bustanini. Nilibishana sana. Sasa asubuhi anakaa dirishani pembeni ya kijana. Kijana anaandika, mzee anauliza, na orodha yangu ya kila wiki ya watu wanaofanana imefupika kweli.

Juzi mganga mfawidhi aliniuliza, nikipewa mtu mmoja zaidi nitamweka wapi. Nikamwambia dirishani, na awe wa kuajiriwa. Akasema atalipeleka halmashauri. Ikama bado haijatoka.